Vidole Vinane: Je, Mizani Humfunga Mtoto Anayejifunza Kutunga?

Walimu wa Kiswahili wakikutana na mazungumzo yakagusa utunzi wa watoto, nusu saa haiishi kabla ya mtu kulitaja neno pingu. Vina, zile silabi za mwisho zinazofanana, ni pingu; mizani, ile hesabu ya silabi, ni pingu. Mwache mtoto aandike yanayomjia moyoni, hizo sheria atazikuta mbele ya safari. Wanaosema hivyo si wavivu wala si maadui wa ushairi. Wengi ni walimu wazuri waliochoshwa na mashairi ya watoto yaliyojaa "enyi wenzangu sikilizeni" na "elimu ndiyo ufunguo", ambayo kila mshororo wake umetimia hesabu na hakuna hata mmoja uliobeba jambo ambalo mtoto mwenyewe aliliona kwa macho yake.

Malalamiko hayo nayajua kwa sababu nimeyasahihisha mashairi ya aina hiyo kwa miaka. Mtoto akikosa neno la kutimiza mizani hudandia neno lolote: jamani, hakika, kweli, leo hii. Akikosa kina hukimbilia "-ni", kwa kuwa Kiswahili kimemfungulia mlango huo wazi: nyumbani, shuleni, njiani, jamani. Shairi linakuwa chombo kilichojazwa maji ili kipate uzito. Kwa upande huu, wapinzani wa arudhi, yaani kanuni hizo za utunzi, wana haki yao na sitawanyang'anya.

Ila nadhani wamemkamata asiye na hatia.

Tuanzie kwenye insha, maana huko ndiko tabia ya uandishi ya watoto wetu wa Kenya ilikofinyangwa. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, kwa miaka mingi karatasi ya insha ilikuwa ya dakika 40 na alama 40. Ukizitafakari dakika hizo unaelewa mengi. Mtoto wa miaka kumi na mitatu alisoma swali, akawaza, akaandika ukurasa mmoja na nusu kwa kalamu ya wino, akaweka kalamu chini. Hapakuwa na dakika ya kuandika mara ya pili. Tena hati safi ilimpendeza msahihishaji, na neno lililokatwa lilionekana uchafu. Kwa hiyo mtoto aliingia chumba cha mtihani akiwa tayari amejifunza kwamba kubadili mawazo ni kosa linaloonekana kwa macho.

Ndipo zikaja zile sentensi tunazozijua sote. "Nilirauka alfajiri na mapema, nikajitoma hamamuni." Watu huzilaumu kama ugonjwa wa kukariri, na mara nyingi lawama humwangukia mwalimu. Mimi naona zilikuwa jibu la busara kwa tatizo la dakika 40. Kama sentensi haiwezi kuandikwa tena mle chumbani, basi ni heri uje nayo kutoka nyumbani ikiwa imeshapigwa pasi. Watoto hawakukosa ubunifu. Walikosa nafasi ya kuandika kitu kibovu kwanza, kisha wakakirudia.

KCPE imeondoka, na mtaala wa umilisi umeutaja ubunifu kwa jina miongoni mwa umilisi 7 wa kimsingi. Mazoea hayakuondoka nayo. Mpe mtoto wa gredi ya tano insha yake aliyoiandika jana, mwambie airekebishe, utaona anachofanya: anainakili upya kwa mwandiko mzuri zaidi. Kwake yeye, kurekebisha ni kusafisha. Anarudisha daftari akiwa na imani kamili kwamba amefanya ulichomwambia.

Na kosa si lake. Sentensi ya nathari haimwambii mtoto kwamba ina kasoro. "Nyumba yetu ni nzuri sana" ni sentensi iliyokamilika, sarufi yake iko sawa, tahajia iko sawa. Ili ajue kwamba haijasema kitu, lazima mtu mzima amwambie, kwa kawaida kwa wino mwekundu, na akiambiwa hivyo husikia kwamba amekosea, wala hasikii kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza.

Hapo ndipo ninapoitetea mizani.

Muhula mmoja nilikuwa nikisaidia darasa la gredi ya tano huku kwetu pwani. Niliwapa kanuni moja tu: andika kipande, yaani sehemu ya mshororo, chenye mizani 8 kuhusu nyumbani kwenu. Vina tuliviacha kabisa. Walihesabu kwa vidole, vinne mkono huu na vinne mkono huu, vidole gumba vimekunjwa ndani ya kiganja. Msichana mmoja wa dawati la mbele aliandika hiyohiyo "Nyumba yetu ni nzuri sana", akahesabu: nyu-mba-ye-tu-ni-nzu-ri-sa-na. Kidole gumba kimoja kilimchomoka. Tisa. Akafuta "sana", akahesabu tena. Saba.

"Mwalimu," akaniambia, "nikiliweka inazidi, nikilitoa inapungua."

Sikumjibu. Kwa kweli sikuwa na jibu. Alikaa na kile kipande hadi kengele ikalia, akaondoka nacho. Kesho yake alikuja na "Nyumba yetu ya makuti".

Tazama kilichotokea pale. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba "nzuri" ni neno lililochoka. Hakuna aliyemfundisha tofauti ya kueleza na kuonyesha. Hesabu ilimfungia milango miwili, ya tisa na ya saba, akalazimika kuirudia nyumba yenyewe kuuliza ina nini. Ina makuti. Kumbe jambo hilo alikuwa nalo kichwani siku zote, na hakuna insha iliyowahi kumwomba.

Ubeti wa tarbia una mishororo minne ya mizani 16, yaani mizani 64. Walimu wengi hutaja idadi hiyo kama ushahidi wa ugumu: mtoto atayawezaje yote hayo? Mimi ninaiona kwa jicho jingine. Ni mahali 64 ambapo mtoto anaweza kugundua mwenyewe, bila aibu na bila kusubiri daftari lirudi, kwamba jambo halijakaa sawa. Kipande kikipungua, hakuna aliyemkosoa. Vidole vyake ndivyo vilivyomwambia. Na kufuta, kulikokuwa uchafu kwenye insha, hapa ndiyo kazi yenyewe. Sijawahi kuona daftari la shairi la mtoto lisilokuwa na makato, na sijawahi kuona mtoto akilionea haya.

Wiki chache baadaye, walipoomba vina wenyewe kwa sababu walivisikia kwenye mashairi ya vitabuni, yule msichana aliandika ubeti huu:

Nyumba yetu ya makuti, yavuja tukiwa ndani,
Twahamisha hata viti, sufuria na sahani,
Babu yuasema: keti, hayo ni maji, si jini,
Hatuitaki ya bati, twapenda hapa nyumbani.

Mshororo wa tatu ningeuonea fahari hata kama ungekuwa wangu. Kipande cha mwisho kabisa ni cha kujaza, na nilipomtazama niliona anajua.

Sasa upande wa pili, maana si wote waliofaidika. Darasani humo alikuwamo mvulana aliyekuwa fundi wa kusimulia. Alipohadithia jinsi mbuzi wao alivyoingia msikitini, darasa zima lilinyamaza. Nilipomtaka aandike kwa mizani, alikauka. Vidole vilimtangulia mawazo. Aliandika vipande vitatu kwa wiki mbili, vyote baridi, kisha akaacha. Nilimwondolea kanuni, akaandika hadithi ya kurasa tatu iliyojaa makosa na uhai. Kwake mizani ilikuwa pingu kweli, na mwalimu asiyeliona hilo atampoteza mtoto wa namna hiyo. Niseme pia kwamba ile hadithi ya kurasa tatu haikuandikwa mara ya pili. Nilimwomba, akainakili kwa mwandiko mzuri.

Kuna na suala la lugha ya nyumbani. Mtoto aliyekulia Mvita au Lamu ana silabi mdomoni. Aliyeanza Kiswahili shuleni atajiuliza kwa nini mbwa ana mizani miwili, m-bwa, na mbuzi naye miwili, mbu-zi, ilhali ile "m" ya kwanza inahesabiwa peke yake na ya pili haihesabiwi. Jibu liko kwenye sikio kuliko kwenye kanuni, na sikio huchukua muda. Anayesema kwamba mizani inampendelea mtoto wa pwani hajakosea.

Mjadala wenyewe tumeurithi kutoka kwa wakubwa. Mshairi Kaluta Amri Abedi alipozikusanya sheria za utungaji katika kitabu chake cha 1954, wengi walizichukua kuwa ndiyo mipaka ya shairi. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, malenga walihoji kama yale ni mashairi hata kidogo. Ugomvi ule ulikuwa na maana yake, na nadhani wanamabadiliko walishinda kwa haki: shairi huru ni shairi. Lakini waliogombana walikuwa watu wazima, na swali lao lilikuwa shairi ni nini. Swali la darasani ni jingine: ni kitu gani kitakachomfanya mtoto wa miaka kumi na mmoja airudie sentensi yake mwenyewe? Hoja iliyomkomboa mtunzi mzima tumeihamishia kwa mtoto kana kwamba shida zao ni moja. Mtunzi wa shairi huru hujiwekea mizani ya ndani, hukata mstari pale sikio linapomwambia. Mtoto bado hana sikio hilo. Tukimpa uhuru wa kuandika mistari mifupimifupi bila kipimo chochote, ataandika insha yake ileile akiikata vipande.

Na arudhi yenyewe tumeiharibia jina shuleni kwa namna tunavyoitahini. Mwanafunzi wa sekondari hupewa shairi la mtu mwingine katika karatasi ya fasihi, akaulizwa bahari yake, yaani aina yake, akaonyesha pale mshairi alipotumia idhini yake ya kupindisha lugha, akauandika ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari. Mizani inakuwa kitu cha kutaja ili upate alama moja. Anaweza kumaliza kidato cha nne akijua inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itimie, kwa jina bila kuwahi kuihitaji, bila kuwahi kukaa na "Mama amekwenda" yenye silabi moja zaidi hadi akagundua kwamba "Mama kaenda" ipo, na kwamba lugha yake ina mlango wa siri. Malenga Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, kwa vipande vya mizani 8, alikuwa akimwachia maneno ya kushika moyoni. Kipimo kilikuwa mpini wa kushikia. Sisi tumekigeuza kuwa jina la kitu kilichokufa mezani.

Nikilazimishwa kuchagua, basi, ningechagua hivi: vina viachwe, mizani ibaki. Najua wahafidhina watanung'unika, lakini katika Kiswahili, ambapo karibu kila neno huishia na irabu, kina ni rahisi mno na ndicho kinacholeta zile "-ni" na "-wa" zisizo na kazi. Mizani haidanganyiki kirahisi. Mtoto anaweza kuijaza kwa "jamani", ndiyo, lakini mwenzake wa dawati la pili ataliona na kumcheka, na ataibadili.

Mwalimu mwenye watoto sitini atauliza atasahihisha saa ngapi. Swali ni la haki, kwa sababu kusahihisha insha sitini ni usiku mzima. Kipande cha mizani 8 hakihitaji usiku. Kinaandikwa ubaoni, darasa zima linahesabu kwa vidole, kinabadilishwa papo hapo, na aliyekiandika anaona maneno yake yakihangaikiwa na watu sitini kama jambo lenye thamani. Dakika kumi za Ijumaa zinatosha. Hadithi na insha ziendelee siku nyingine, kwa uhuru wote ambao yule mvulana wa mbuzi aliuhitaji.

Je, tabia hii huhama kutoka kwenye shairi hadi kwenye nathari? Kwa wengine niliowafundisha, hapana. Walibaki wakikata maneno kwenye mashairi na kunakili insha. Kwa wachache ilihama. Niliona insha ambamo "alikuwa mrefu sana" limekatwa kwa mstari mmoja na juu yake pameandikwa "aliinama mlangoni". Sikuwa nimeomba.

Yule msichana alipandishwa gredi, na mimi nikaacha kwenda shule ile. Miezi kadhaa baadaye tulikutana stendi ya matatu, yuko na mama yake, kabeba mfuko wa unga. Aliponiona hakunisalimu kwanza.

"Mwalimu, nimekipata kile cha mwisho," akasema, akauweka mfuko chini ili mikono iwe huru, akakunja vidole gumba na kuanza kuhesabu. "Hatuitaki ya bati, hulia kama tufani."