Dada yangu, daftari la madeni na mhasibu wa Leicester

Nina kampuni ndogo ya usafi hapa Leicester, Uingereza. Mhasibu namlipa kila mwezi, na mwaka wa kwanza niliona ananila tu. Siku nilipotaka gari la pili akaniuliza: mteja wako mkubwa anakulipa baada ya siku ngapi? Sitini. Na mishahara? Kila Ijumaa. Akanyamaza, nami nikanyamaza. Gari sikununua.

Dada yangu ana duka Newala, mkoani Mtwara. Daftari analo, ila ni la madeni: nani kachukua sukari, nani atalipa korosho zikiuzwa mnadani. Humo hakosei hata mia. Mauzo hayaandiki. Pesa inafungwa kwenye ncha ya khanga, na ada ya mtoto inatoka hukohuko. Oktoba hadi Desemba anajiona tajiri, Machi anakopa mtaji.

Na kutoandika kuna bei yake. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vya mwaka 2019, mwenye mauzo ya shilingi milioni 8 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alilipa mamlaka ya mapato, TRA, 250,000 kwa mwaka. Mwenye nazo, 120,000. Kwetu mhasibu huitwa kama zimamoto, barua ikishafika.

Lakini msinielewe vibaya, Ulaya si peponi. Chama chetu cha Watanzania hapa kina hesabu safi, zimepigwa chapa na kukaguliwa. Kwenye mkutano mkuu hakuna anayezisoma, watu wanangoja pilau. Kikoba cha dada kina sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, pesa inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Mjomba wangu angefurahi chama chake cha msingi cha ushirika kingefanya hivyo. Yeye kila msimu anapewa karatasi ya makato asiyoielewa, akiuliza anaambiwa ndiyo utaratibu.

Taasisi ya Uhasibu ina kampasi Mtwara. Vijana wanahitimu, wanarudi nyumbani kungoja ajira. Nikamwambia dada: wenye maduka kumi mchangieni mmoja, awapitie kila wiki, awaandikie na kuwashauri. Sehemu yako nitalipa mimi.

Dada huyuhuyu, anayehesabiwa hisa zake za kikoba hadharani kila wiki, akashtuka. "Ajue kila ninachouza? Halafu akamwambie nani?"

Bado tunabishana.