Fenesi la elfu nne

Kosa langu lilianzia mdomoni. Alhamisi ile mke wangu alirudi kazini saa mbili usiku, akakaa mkekani na baibui lake vile vile, akauliza, "Baba watoto, hawa wanakula nini leo?" Jibu lilikuwa lile la Jumatatu na la Jumatano: chipsi mayai za kibandani. Badala ya kunyamaza nitafute kofia nikanunue, nikajitia uhodari.

"Tatizo letu hatuli cha msimu," nikasema.

Nikaendelea, maana nikishaanza hotuba mimi sishuki mimbarini. Nikamwambia mji huu wa Tanga umezungukwa na neema. Machungwa ni hapo Muheza, mboga zinashuka kila siku kutoka Lushoto, shelisheli na muhogo vimejaa sokoni, nazi ndizo zetu, na sisi tumepanga foleni kwa muuza chipsi kama watu wa Daa-Salama! Kitu cha msimu ni rahisi, kitamu, kinapikwa mara moja na kulisha nyumba nzima. Familia yenye shughuli nyingi, nikamalizia, ndiyo hasa ya kula hivyo.

Mke wangu akanitazama kimya, kama unavyomtazama mtu aliyepanda basi lisilo lake na bado hajajua. "Vizuri," akasema. "Jumamosi mimi niko zamuni mpaka magharibi. Jiko hilo."

Ijumaa nikamwuliza mwenzangu kazini, Mpemba, chakula gani cha msimu kitanipa sifa bila kunitoa jasho. Akanitajia fenesi bichi la nazi. Unalimenya, unalikatakata, unachemsha na chumvi na bizari mpaka lilainike, unamwaga maji. Halafu kitunguu, nyanya, tui jepesi lichemke nalo, mwisho tui zito, ukoroge pole pole lisikatike, ukamulie ndimu. Mtu akila anadhani amekula nyama. Alinieleza yote hayo kwa ufasaha mkubwa. Jambo moja hakulisema, kwa sababu kwao analijua hata mtoto wa chuoni. Ni sawa na kumkumbusha mtu avue kandambili kabla ya kuingia msikitini.

Jumamosi asubuhi nikachukua baiskeli hadi soko la Mgandini. Kulikuwa na mama mmoja amepanga mafenesi chini ya mwavuli, mengine madogo kama kichwa cha mtoto, mengine ukiyaona unajiuliza mti uliyabebaje. (Ndiyo maana fenesi linazaa kwenye shina, tawi gani litakubali mzigo wa kilo 20?) Nikachagua moja bichi, zito kama kitinda mimba wangu, kwa elfu nne. Yule mama akaniangalia mikono, akaniangalia usoni, akauliza:

"Nyumbani mafuta yapo, baba?"

Nikajua tu anataka kuniuzia na mafuta. "Yapo mama, usiwe na wasiwasi."

"Ya kutosha?"

"Tele."

Nyumbani kulikuwa na mafuta ya kukaanga yai moja, tena yai la kwale. Mafuta ya taa nayo ndiyo kwanza, tangu tununue jiko la gesi sijayatia machoni.

Nikalifunga fenesi kwenye keria kwa mpira, nikarudi Makorora huku nalipigia kengele kama nimebeba bibi harusi. Watoto watatu wakanipokea mlangoni. Nikatandaza gunia uani, nikakunja mikono ya shati, nikashika kisu, nikasema bismillahi, nikalipasua katikati.

"Baba," akasema kitinda mimba, "linalia."

Na kweli lilikuwa linalia. Maziwa meupe yalichuruzika kutoka kila upande, mazito, mazuri hata kuyatazama. Nikayafuta kwa kiganja. Kiganja kikawa cheupe. Nikakifuta kwa kitambaa cha jikoni, kitambaa kikabaki mkononi. Nikakivuta kwa mkono wa pili, sasa tukawa watatu: mkono, kitambaa, mkono.

"Leteni maji na sabuni!"

Wewe unayesoma, kama hujawahi, nakusihi: ulimbo wa fenesi haujui maji. Ukiuosha ndiyo kwanza unakaza. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukiutumia kunasa ndege, tunaupaka kwenye kijiti na ndege akitua, basi, ndoa. Mtu mzima nimekwenda kuusugua kwa sabuni na dodoki! Dodoki nalo likanasa. Nikawashwa kidevuni, nikajikuna. Ndevu zangu, ambazo nazitunza kwa mafuta ya nazi kila Ijumaa, zikashikana zikawa kitu kimoja kama kipande cha katani.

Hapo simu ikaita. Alikuwa mama mkwe, yuko Pangani. Simu ya mama mkwe haipokewi na mtoto. Nikaishika kwa vidole viwili vya mwisho, nikijidanganya kuwa hivyo ni visafi, nikaiweka sikioni.

"Mwanangu, hamjambo huko? Nimesema nije niwaone wajukuu. Nimeshapanda gari."

"Karibu sana mama, shikamoo mama."

Akakata. Mimi sikukata. Simu ilibaki shavuni mpaka binti mkubwa alipoibandua kwa upawa, na pamoja nayo zikaondoka ndevu ambazo nilikuwa na mipango nazo.

"Baba, bibi wa jirani anasema mafuta ndiyo yanatoa," akasema wa katikati, ambaye kumbe alishatangaza msiba ule uani kote. Tukamimina yale ya yai la kwale. Yakasafisha kidole gumba. Nikasema huyu aende dukani akanunue chupa nzima. Pesa ilikuwa mfuko wa shati: noti ya elfu kumi, ya gesi, aliyoniachia mke wangu asubuhi. Kwa haraka nikaichomoa mwenyewe.

Ikakaa. Imejilaza kiganjani kama imezaliwa pale. Mtoto akaivuta pembeni, nikasikia karatasi inaanza kulia, nikapiga kelele aache. Mangi hapokei noti iliyochanika, hata ungekuwa umemlea. Basi nikaona afadhali niende nayo mwenyewe, aibandue yeye kwa mafuta yake, achukue hela yake.

Dukani ni kama hatua 100. Nikatembea nimekunja ngumi, uso chini, nikiomba nisikutane na mtu. Lakini ilikuwa saa saba mchana na watu ndiyo wanatoka kuswali. Kwenye kona nikakutana uso kwa uso na mzee wa mtaa wetu, kanzu nyeupe, kofia ya vito, mkono tayari umenyooka.

Nikampa kifundo, kama anavyofanya mtu mwenye mikono michafu. Hakukubali. Wazee wa huku salamu yao ni kiganja kwa kiganja na haina haraka. Akaukamata mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanikunjua vidole, akaubana.

"Hujambo mwanangu? Watoto? Mama watoto? Kazi? Nyumbani? Wazee huko?"

Kila swali nilijibu "hawajambo" na kila nilipojibu alibana zaidi. Alipouliza habari za mvua ndipo alipojaribu kuniachia. Tukashindwana kidogo. Akavuta, nikavuta, pakasikika mlio kama wa mtu anayebandua plasta, tukaachana. Kiganja changu kilikuwa kitupu.

Mzee akakitazama cha kwake. Noti ya elfu kumi ilikuwa imelala pale, imenyooka, uso juu.

Akanyamaza. Macho yakamlowa. Nikafungua mdomo nieleze, lakini utaanzia wapi? Kwenye fenesi? Akainua mikono miwili juu, noti imebaki kiganjani haidondoki, akaanza dua. Akaniombea riziki, akaniombea watoto, akawaombea marehemu wangu wote, hata wale ambao bado wako hai. Waliokuwa wanapita wakasimama, wakaiona ile noti inavyopepea, wakaitikia amin. Na mimi nikaitikia. Ningefanyaje?

"Sadaka ya siri," mzee akawaambia wale watu, "ndiyo hii. Ananipa mkono kwa mkono, hata neno hasemi."

Nikafika kwa Mangi sina hata shilingi. Nikaomba chupa ya mafuta kwa mkopo, akaleta daftari niandike jina, nikanasa kwenye daftari. Tuko katika hali hiyo, Mangi anavuta daftari na mimi naomba radhi, bajaji ikasimama. Akashuka mama mkwe na kapu lake la ukindu.

Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima zake. Miaka tisa ya ndoa sijapata kuyaona meno yake. Akanitazama mikono, akanitazama kidevu kilichonyolewa upande mmoja na upawa, akavuta pumzi puani.

"Mwanangu. Fenesi?"

"Fenesi, mama. Shikamoo."

Aliangua kicheko ikabidi ashike nguzo ya bajaji. Dereva naye akacheka bila kujua kisa. Mama akalipa yale mafuta, akanimiminia palepale kibarazani kwa Mangi, akaniambia nisugue kama natia lotion, na ulimbo ukatoka wote kwa dakika tatu. Tatu tu!

Nyumbani akatandika magazeti, akajipaka mafuta mpaka kwenye vifundo, akakipaka kisu pande zote mbili, akakata fenesi huku anazungumza na wajukuu habari nyingine kabisa. Utomvu ulipotoka kwenye moyo wa fenesi aliufuta kwa karatasi, akatupa. Mimi nikapewa mbuzi nikune nazi, kazi ambayo, alisema, haina hatari kubwa.

Mke wangu aliporudi magharibi wali ulishaiva na fenesi limelala kwenye tui zito la manjano. Watoto waliuliza ni nyama gani. Mimi nilikula mara mbili nikiwa nimejifunika kidevu kwa kilemba.

"Gesi ulinunua?" akauliza.

"Nilitoa sadaka."

Akaweka kijiko chini. Huyu ni mtu anayenifahamu. Anajua Ijumaa huwa natafuta sarafu mfuko mzima nikiikwepa noti. Akamgeukia mama yake apate maelezo, mama akaingia chumbani haraka, tukawa tunasikia kitanda kinatikisika kwa kicheko.

Jumapili asubuhi, hodi. Alikuwa mjukuu wa yule mzee, na baiskeli, na nyuma kwenye keria mzigo uliofunikwa gunia.

"Babu anakusalimia sana. Anasema wema hauozi. Hili limetoka shambani kwake, amekuchagulia kubwa, bichi, maana amesikia mnalipenda."

Akafunua gunia. Lile la kwangu lingekuwa mtoto wake.

Nikampokea kwa viwiko.