Kona ya mshipa au mkono wa kinyozi?

Vinyozi wengi wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, wakimaliza kunyoa humkanda mteja mabega, kisha humshika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, wakaigeuza shingo ghafla mpaka ialike. Mteja hulipa na kuondoka akijisikia mwepesi. Mwezi uliopita nilimwomba kijana aliyekuwa akininyoa asinifanyie hivyo, nikihofia mshipa wa shingo kuchanika na kuniletea kiharusi, na mabishano yakaanza nikiwa bado nimekaa kwenye kiti. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alisema amealishwa shingo miaka yote na hajawahi kupata shida. Anayeumia, alisema, alizaliwa na mishipa mibovu. Mama aliyemleta mwanawe kunyolewa akamjibu, "Shikamoo baba, lakini hapana. Mchezo huo upigwe marufuku." Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapima maneno yao, kwa sababu kila mmoja ameshika upande wenye ukweli.

Damu hupanda kichwani kwa mishipa mikubwa minne. Karotidi mbili ziko mbele, ndizo zinazodunda ukigusa pembeni mwa koo. Nyingine mbili ziko nyuma: hupenya kwenye matundu ya pingili za shingo, kwa kawaida kuanzia ya sita hadi ya kwanza, kisha huizunguka ile pingili ya juu kabisa kabla ya kuingia kwenye fuvu. Utando wa ndani wa mshipa ukichanika, damu hujipenyeza katikati ya ukuta na kuuvimbisha. Njia hubana, au damu huganda hapo, kipande kikameguka na kwenda kuziba mshipa wa ubongo. Hicho ni kiharusi.

Kuchanika huku kwa mshipa wa shingo ni kwa nadra. Hesabu za Ufaransa na Marekani zinakaribia watu 3 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.3 katika sensa ya 2022, kwa hiyo kiwango kama hicho kingetupa wagonjwa 70 hivi kila mwaka. Katika viharusi vyote vya mshipa kuziba, vinavyotokana na mchaniko ni kama asilimia 2. Kwa walio chini ya miaka 50 picha hubadilika: hufika asilimia 10 hadi 25. Umri wa kawaida wa mgonjwa ni miaka 40 na kitu, umri wa mtu mwenye shamba la viazi Uyole na watoto shuleni.

Nianze na hoja ya mzee. Mishipa ya watu haifanani. Wengine karotidi yao imenyooka kama mnazi. Wengine imepinda kama herufi S, imekunjika kama kiwiko, au imejizungusha duara zima. Tafiti kadhaa zilizolinganisha picha za wagonjwa waliochanika mshipa na za watu wengine zimekuta mikunjo na mizunguko mingi zaidi kwa waliochanika. Tena mara nyingi mkunjo huonekana hata upande ambao haukuumia, yaani ulikuwepo kabla ya tukio. Kwenye kona mwendo wa damu huvurugika, na shingo inapogeuka sehemu iliyokunjika huvutwa tofauti na iliyonyooka.

Aliyepita mlima Kitonga akitoka Iringa kwenda Morogoro ataelewa haraka. Lori likianguka pale, kuna anayelaumu kona na kuna anayemlaumu dereva. Lakini mfano huu una mpaka, na hapo ndipo naona hoja ya mzee inapolegea. Kona za Kitonga zilichongwa na wajenzi wa barabara. Kona ya mshipa mara nyingi huletwa na ukuta wenyewe: nyuzi zinazoupa mnyumbuko zikidhoofika, mshipa hurefuka, na kwa kuwa shingo haijarefuka, hujikunja. Magonjwa ya kurithi yanayolegeza tishu, kama Marfan na Loeys-Dietz, huonyesha hivyo waziwazi. Hivyo mkunjo huenda usiwe chanzo cha kuchanika, bali ishara ya udhaifu ambao ndio chanzo chenyewe. Isitoshe, mishipa ya wazee wenye shinikizo la damu la muda mrefu imejaa mikunjo, ilhali mchaniko huwapata zaidi watu wa makamo. Umbo peke yake lingekuwa na hatia, wazee wangeongoza.

Upande wa mama nao haujanyooka kama alivyodhani. Wengi wanaochanika hawakualishwa shingo na mtu. Wapo waliokohoa sana, walionyanyua mzigo, waliogeuka ghafla kwenye gari, na wapo wasiokumbuka jambo lolote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka Ontario, Kanada, ulikuta kwamba wenye umri chini ya miaka 45 waliopata kiharusi cha mishipa ya nyuma walikuwa wametembelea wanyoosha viungo mara nyingi zaidi kuliko wengine, lakini vivyo hivyo walikuwa wamewatembelea madaktari wa kawaida. Maelezo ya watafiti: mchaniko ulishaanza, ukaleta maumivu ya shingo na kichwa, na maumivu ndiyo yaliyowapeleka kutafuta nafuu. Mwaka 2014 chama cha Marekani cha magonjwa ya moyo kilisema uhusiano upo, ila haijathibitishwa kwamba kunyoosha ndiko kunakochana. Kikashauri mtu aambiwe hatari hiyo kabla ya kuguswa shingo.

Wanaomtetea kinyozi hupenda kuushika utafiti huo wa Ontario. Mimi unanitia hofu zaidi. Kama mshipa unaochanika huuma kabla ya kiharusi, basi mteja anayekaa kwenye kiti na kusema "shingo imekaza tangu jana, hebu nialishe" huenda ndiye hasa asiyepaswa kugeuzwa shingo. Kinyozi hana namna ya kumtofautisha na aliyelalia mto vibaya. Umbo la mshipa huonekana kwa CT scan yenye dawa ya kung'arisha mishipa, na hakuna mwenye akili atakayempeleka kila mtu mwenye afya kwenye mashine hiyo ili kutafuta kona. Basi hoja ya mzee, hata ikiwa kweli yote, haimsaidii kinyozi. Asiyeiona njia ana sababu zaidi ya kupunguza mwendo.

Kwa wanaobeba mizigo kichwani, kama mama zetu wa Tukuyu na mikungu yao ya ndizi juu ya ngata, singeweka mizani ileile: mzigo hukandamiza pingili kwa uzito wa taratibu, tofauti na shingo kuzungushwa kwa kushtukiza.

Kitakachonifanya nimkimbize mtu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ni maumivu mapya ya shingo au kichwa upande mmoja, yasiyofanana na aliyowahi kuyapata, hasa kope ikilegea, mboni ya jicho upande huo ikawa ndogo, au akisikia mapigo ya damu sikioni. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, hakuna tena muda wa kujadili. Akiwahiwa, dawa za kuzuia damu kuganda husaidia: katika jaribio la Uingereza na Australia lililochapishwa mwaka 2015, kati ya wagonjwa 250 waliofuatiliwa kwa miezi mitatu, karibu asilimia 2 tu ndio waliopata kiharusi katika muda huo. Mishipa mingi hupona yenyewe ndani ya miezi michache.

Nilirudi kwa yule kijana juzi. Alinikanda mabega vizuri, akafika kwenye shingo, akaiacha. Mteja aliyenifuata alimdai kilichobaki. Akamuuliza kwanza, "Shingo inakuuma tangu lini, kaka?"