Chanjo ya malaria: yule mama aliulizwa au walidhani tu kakubali?

Ukianzisha mada ya RTS,S, ile chanjo ya kwanza ya malaria, huyu atasema imeokoa watoto, yule atasema Waafrika tumefanywa panya wa maabara, na mi naona wote wana hoja ila wanachanganya mambo mawili: kama chanjo inafaa, na kama mzazi aliulizwa.

Tuanze na hesabu. Jaribio kubwa lilianza 2009 kwenye nchi 7, sisi Tanzania tulikuwemo, Bagamoyo na Korogwe. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 wakapata dozi zote 4, malaria ilipungua kama 36%, si haba. Lakini kundi hilohilo la umri kesi za homa ya uti wa mgongo zikawa 21 kwa waliochanjwa na 1 tu kwa wenzao waliopewa chanjo ya kichaa cha mbwa ya kulinganishia. Mara 21? Ngoja, waliochanjwa walikuwa mara mbili ya wenzao, kwa hiyo linganisha kama 10 kwa 1, bado inatisha, ila kwa kesi chache hivyo inaweza ikawa bahati mbaya tu au kweli kuna kitu, na hamna mtakwimu mkweli atakuapia. Inabidi uongeze watoto, tena malaki.

Ndo ukaja mpango wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa 2019, Malawi, Ghana na Kenya (Kenya walizindulia Homa Bay), maeneo yakapigiwa kura ya bahati nasibu, haya yapate sasa, haya yasubiri. Kura sina shida nayo, dozi zilikuwa hazitoshi, na bora kura kuliko kujuana.

Kwenye ridhaa ndo naguna. Mama kapanga foleni tangu asubuhi, mtoto kapimwa uzito, kadi mkononi, nesi anasema leo kuna sindano ya malaria, haya mshike vizuri. Kwa Shirika la Afya Duniani hapo kesharidhia, maana elimu ilishatolewa na mtoto kamleta mwenyewe. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la BMJ likahoji, mama aliambiwa kwamba hii ni sehemu ya utafiti na kuna hatari bado zinachunguzwa? Shirika likajibu kamati za maadili za nchi husika zilipitisha, na chanjo za kawaida hakuna anayesainishwa fomu. Hilo kweli, hata surua hatusaini, lakini chanjo ya surua ilishazoeleka, haikuwa bado inachunguzwa kama hii.

Majibu yalikuja mazuri, ile hatari ya uti wa mgongo haikuonekana tena, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vikashuka 13%. Nafurahi, ila yule mama wa 2019 hakuwa na majibu hayo, na hao waliopanga nao hawakuwa nayo. Mi hata fomu ya kurasa 8 sidai, karatasi moja ukutani kwa Kijaluo ingetosha: hapa tumeanza kabla ya majirani, tunachunguza bado hili na hili, ukikataa mtoto wako atapata chanjo nyingine zote kama kawaida.