Sikulilamba, Nililinusa

Najua mmeshaiona. Ile video yangu nikiwa nyuma ya gari la mteja imenitangulia kila ninapokwenda. Jana hata kinyozi wangu kaniuliza huku kashika wembe, na mtu aliyekushikia wembe shingoni huwezi kumjibu kwa ukali. Kwa hiyo niwekeni kati nijieleze. Yale maneno aliyoyaandika swahiba wangu wa Mombasa, ninayefanya naye kazi, chini ya video, kwamba "Mtanga alamba gari la watu hadharani", ni uzushi. Sikulilamba. Nililinusa.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nafanya kazi sheli, New Jersey. Naam, nilipanda ndege mbili na kuazima koti la mjomba ili nije Marekani kuwawekea watu mafuta. Majimbo mengine yote ya nchi hii mwenye gari anaweza kushuka akajijazia mwenyewe. Oregon walikuwa wamebana nao, wakalegeza 2023. Sisi bado tuko na sheria yetu ya 1949. Mteja hagusi pampu. Anashusha kioo, anasema "jaza", anaendelea na simu yake, kama vile yuko Ngamiani kwetu Tanga.

Shida ilianzia mdomoni mwangu. Tangu nimeanza kazi pale namwambia huyu swahiba kwamba mimi nimekulia gereji ya mjomba, Land Rover nimezifungua na kuzifunga kabla sijaota ndevu, hakuna gari litakaloingia hapa nisijue linanywea wapi, yaani tundu lake la mafuta liko wapi. Niliyasema haya si mara moja. Niliyasema mbele ya meneja.

Juzi Jumamosi jioni wazee wakatoka na magari yao. Huku jua la kiangazi likiwaka, wazee hutoa gereji yale magari ya miaka ya sitini na sabini, yenye injini za V8 zinazounguruma kama simba mwenye kikohozi. Wenyewe huyaita magari ya misuli. Wanakutana uwanjani, wanafungua maboneti, wanasimama kuyatazama kama watu waliokuja kuona maiti ya mfalme, kisha wanarudi nyumbani. Njiani wanapita kwetu.

La kwanza, Dodge Charger ya 1969. Hilo mfuniko wake wa tanki uko begani, juu kushoto kwa nyuma, unang'aa nikeli, wa kufyatua kama wa gari la mashindano. Kipofu angeuona. La pili, Mustang ya 1966, mfuniko katikati kabisa ya taa za nyuma, una farasi juu yake. Nikajaza yote mawili kwa madaha. Nikamgeukia swahiba nikampa na somo: "Unaona hili limewekewa nyuma katikati? Maana yake uje na ubavu wowote wa pampu, mkonga unafika. Siyo hizi Corolla zenu za kugeuza mara tatu." Akanyamaza. Ningejua anachochomoa mfukoni ni simu, ningenyamaza na mimi.

La tatu: Chevrolet Chevelle SS ya 1970. Jekundu, mistari miwili myeusi juu ya boneti, injini ya inchi za ujazo 454. Kwa hesabu zetu hiyo ni kama lita 7.4, yaani Vitz saba zimefungiwa chumba kimoja. Ndani yumo mzee wa miaka sabini na kitu na mkewe kando. Mzee akasema jaza, ile ya bei ya juu. Nikasema ndiyo mzee. Nikachomoa nozeli. Nikaenda ubavu wa kushoto.

Hakuna kitu.

Nikaenda wa kulia, taratibu, kama mtu aliyekusudia kuzunguka tangu mwanzo. Hakuna. Mabega yote masafi. Nikaenda nyuma: bampa, taa zimo ndani ya bampa, pleti namba katikati, basi. Hakuna farasi wala punda. Nikarudi kushoto, maana kitu ukikikosa mara ya kwanza huenda kilikuwa kimetoka kidogo.

Nikakumbuka mshale. Magari ya siku hizi yana kamshale kwenye dashibodi, kando ya picha ya pampu, kanakokuonyesha tundu liko upande gani. Ni wazo la mhandisi wa Ford, Jim Moylan, aliyelowa mvua 1986 kwa kusimamisha gari la watu upande usio wa pampu. Kwa hiyo mimi, mwenye akili zangu timamu, nikaingiza kichwa dirishani kwa mzee kutafuta mshale. Magari ya kwanza kuwekewa mshale huo ni ya mwaka wa modeli 1989. Hili ni la 1970. Nilikuwa natafuta meno kwa mtoto ambaye mama yake hajaolewa. Bibi akavuta mkoba wake akaupakata. Nikasema, "Dashibodi nzuri sana, mzee." Akashukuru.

Mgala muue na haki umpe: swahiba aliniambia. Alipita nyuma yangu akanong'ona, "Wewe, si umuulize mwenyewe, bwana?" Nikamjibu, "Kwani mimi sijui?"

Na mjue, ujinga mtupu haukunifikisha pale. Ni elimu. Mtu asiyejua lolote angeuliza, akajibiwa, akajaza, akaenda zake kunywa chai. Mimi nilikuwa najua kwamba Chevrolet Bel Air ya 1956 tundu lake limefichwa nyuma ya taa ya kushoto. Unaifungua taa kama mlango wa kabati. Na ya 1957 limefichwa kwenye urembo wa nikeli wa pezi la kushoto. Kampuni ni ileile. Basi lazima taa hii inafunguka! Nikapiga magoti. Nikaanza kuikanda taa ya kushoto. Nikaibonyeza juu, nikaibonyeza chini, nikaizungusha kama kifuniko cha chupa ya achari. Nikaweka sikio nikaigonga. Wale mnaosema kwenye video naonekana kama mkunga, nimewasoma, na nawajua kwa majina.

Taa ikagoma. Nyuma yangu magari yakawa manne, mmoja kapiga honi. Hapo ndipo likanijia lile wazo. Nikajiambia: mafuta yana harufu, na harufu haidanganyi.

Naomba msikilize vizuri hapa, kwa sababu kile kipande cha video kilichozua maneno kinaanza hapa.

Nikashusha pua mpaka usawa wa bampa. Nikaanzia taa ya kushoto, nikawa navuta pumzi kidogo kidogo, naelekea kulia kwa magoti. Wafugaji mtanielewa nikisema lile umbo nililokuwa nalo ni la beberu kamili, shingo mbele, mdomo wazi kidogo, macho nusu. Na haikunipitia akilini kwamba nimesimama katikati ya sheli yenye pampu nane! Kutafuta harufu ya petroli pale ni kama kutafuta harufu ya samaki Deep Sea, soko la samaki la Tanga. Kila mahali palinukia. Lakini nilipofika katikati, kwenye pleti namba, ilizidi. Ilizidi kweli, wadau. Nikasimama hapo nikanusa mara ya pili. Pua yangu ilikuwa imefika. Pua ilifanya kazi yake yote. Kichwa ndicho kilichoniangusha, kikasema, "Hapa pana upepo tu," na pua ikaendelea na safari.

Magoti yakaanza kuuma. Nikataka kuinuka. Nikatafuta pa kujishikiza, mkono ukaangukia ukingo wa juu wa ile pleti namba, nikavuta.

Pleti namba ikalala chini. Krrr.

Damu yote ikanishuka miguuni. Nikajua nimevunja gari la mzee, gari lenye umri mkubwa kuliko baba yangu mdogo, na bima sina. Je, nilitazama kilichokuwa nyuma ya pleti? Sikutazama. Mwizi hatazami alichovunja, anatazama mwenyewe yuko wapi. Macho yangu yote yalikuwa kwenye kisogo cha mzee kupitia kioo cha nyuma. Mkono ukaachia, springi ikairudisha pleti mahali pake, tap! Nikashusha pumzi. Nikasema alhamdulillah, kwa sauti. Kisha, na hili ndilo watu wanalirudisharudisha kwenye simu zao, nikaipapasa ile pleti namba mara mbili kwa kiganja, kama unavyompapasa mtoto asilie, nikainuka, nikaenda kuikanda taa ya kulia.

Mlango ukafunguka. Mzee akashuka, akaja nyuma polepole na fimbo yake. Hakukasirika, bora angekasirika. Akanyoosha vidole viwili, akaivuta pleti namba ikalala, na nyuma yake, ndani ya kishimo chake, mfuniko wa tanki umekaa unanitazama. Akasema kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, "Kijana, ulikuwa umeshafungua. Mbona ulifunga tena?"

Hilo swali sina jibu lake mpaka leo.

Yaliyobaki ni madogo. Mzee akanipa darasa wakati najaza: kwamba Chevelle nyingi za miaka ile zinanywea nyuma ya namba, Camaro ya 1969 vilevile, na kwamba nijaze polepole kwa sababu shingo ya tanki ni fupi na imelala, ukibana nozeli kwa nguvu inatema. Nikabana kwa nguvu. Ikatema. Nikashtuka nikaachia pleti, springi ikanila vidole viwili, suruali ikalowa mpaka gotini. Swahiba alikimbia na ndoo ya mchanga huku simu bado iko juu. Bibi akanipa tishu na dola tano. Nikarudi nyumbani kwenye gari la swahiba, vioo vyote vinne chini, nimekalia mfuko wa takataka, na yeye anacheka mpaka anakosea njia.

Kazini wameshanipa jina. Likiingia gari lolote, hata Corolla, mtu anaita kutoka dukani, "Beberu, njoo umnusie mteja!" Leo asubuhi imekuja Tesla, mwenyewe kafuata kahawa tu, nao wakaniita. Wenye Tesla mnajua tundu lake la chaji limejificha wapi: kwenye taa ya nyuma ya kushoto. Hilo ningelipata!

Ila kilichonifanya niandike ni simu ya mama saa kumi alfajiri. Kaletewa video na jirani. Akaniuliza, "Mwanangu, huko kazi yenu ni kunusa magari ya watu?" Nikamwambia ndiyo, mama, mimi ni mkaguzi wa ubora wa mafuta. Akafurahi sana, akasema atawaambia kina shangazi. Kwa hiyo mlioko Chumbageni, mkishasoma hapa, tafadhali msiyafikishe kwake.