Shemeji Kaja na Gari

Usiku wa tatu huu baiskeli yangu imelala nje. Mvua ikinyesha inanyeshewa, kuku wakitaka kupanda wanapanda, na asubuhi nikifuta siti naulizwa na mama watoto, "Si ungeifunika kiroba?" Kiroba! Ua ni wangu, mwarobaini nimeupanda kwa mkono wangu, na chini ya mwarobaini ndipo Phoenix yangu inapolala miaka yote. Sasa hapo kalala bwana mkubwa: gari la shemeji.

Shemeji, kaka yake mke wangu, kaja kututembelea kutoka Dar. Karibu sana. Sie watu wa Tanga tuna sifa ya waja leo waondoka leo, lakini yeye kaja Alhamisi na leo ni Jumapili. Siku ya jembe ilikuwa jana. Ningempa, ila mchicha wenyewe wa kupalilia ndio kauegeshea.

Kilometa 350 kaendesha peke yake, na tangu ateremke hajanyamaza. Masaa mawili ya kwanza, anasema, hayajamtoa Dar. Mnadhani analalamika? Anajisifu! Anavyoisimulia foleni ya Dar utafikiri ni shamba la urithi. Akanigeukia: "Shem, mji wenu mzuri, tatizo hauna foleni. Mji usio na foleni bado kijiji." Nikamtazama. Nimekaa na wanaoringia ng'ombe, nimekaa na wanaoringia watoto walioko Uarabuni, lakini wa kuringia foleni nilikuwa sijamwona.

Sasa jana mama watoto kataka samaki na nazi. Kutoka kwangu Makorora hadi soko la Mgandini kwa baiskeli ni dakika 10, na katika hizo 4 ni za kusalimiana. Nikachukua kikapu, nikaikamata baiskeli usukani, shemeji akanidaka mkono mbele za watu.

"Shem, mtu mzima na mvi zako unapandaje baiskeli na gari lipo? Watu watasema dada yangu kaolewa wapi!"

Dada yake kaolewa mwaka wa 23 huu. Posa yenyewe ilikwenda kwa baiskeli. Lakini mgeni habishiwi. Nikavua msuli, nikavaa kanzu, maana ndani ya gari la watu huwezi kuingia na msuli, nikakaa mbele kama kadhi.

Kwanza kutoka uani. Uchochoro wetu ulipimwa na watu waliokuwa wakiwaza punda. Watoto wa mtaa mzima wakajaa kuelekeza, kila mmoja na upande wake: "Kata! Kata kulia! Nyoosha! Njoo, njoo, njoo... basi!" Hilo "basi" lilikuja kamba ya nguo ya jirani ilipokwisha kunasa kwenye kioo cha pembeni. Tukatokeza barabarani na khanga ya mama wa watu inapepea ubavuni, imeandikwa SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Tukasimama kuirudisha. Hapo shemeji akazima, akawasha tena, na gari likasema kitu. Sauti ya mwanamke, mpole, Kijapani kitupu.

"Anasemaje?"

"Sijui, shem. Husema hivyo kila nikiwasha."

"Na wewe humjibu?"

Miaka 3 mwanamke wa watu anamwamkia mara kumi kwa siku, hajaitikiwa hata moja.

Nikashusha kioo nipate hewa. "Pandisha, shem, ubaridi unatoka." Na hapo ndipo msiba ulipoanzia. Tanga hii ukimpita mtu bila salamu umekopa, na deni hilo lina riba. Juu ya baiskeli nina kengele, nina mkono, nina "za toka jana" na "mgonjwa aamkaje" bila kusimamisha pedeli. Ndani ya kioo sina kitu. Nikamwona fundi viatu, nikasema, "Bwana fundi, waonaje?" Akaona midomo inacheza. Nikamwona mama wa mihogo, nikampungia, tukawa tumeshapita. Tukamkuta mzee wetu mmoja wa mtaani kasimama na bakora yake, nikampigia shikamoo ya nguvu hadi mshipa wa shingo ukatoka. Yeye akaniangalia tu, uso umekunjamana. Jioni habari zilifika nyumbani kabla ya adhana ya isha: nimempita mzee wa watu ndani ya gari huku namtukana kimyakimya. Kesho naenda kuomba radhi. Kwa miguu.

Tukafika Mgandini. Yaani tuliiona Mgandini. Shemeji akapunguza mwendo, akatafuta pa kuegesha. Kivulini wako bodaboda. Mbele yao mkokoteni wa nazi, mwenyewe kalala juu ya nazi. Pembeni nafasi tupu kabisa, tukaingiza pua, mama mmoja akainuka na mwiko: "Wee! Hapa pa maandazi!" Tukazunguka. Kuna kijana anauza machungwa ya Muheza, anayamenya kwa kisu ganda likining'inia zima kama utepe, halikatiki. Mzunguko wa kwanza sinia lake lilikuwa na machungwa matatu. Mzunguko wa pili yalikuwa kama kumi. Wa nne sinia limejaa, kayapanga yamechongoka juu, akatuinamia kwenye kioo akauliza kwa upole: "Wazee, mmepotelewa na mtu?"

Mjerumani alianza kutandika reli hapa hapa Tanga mwaka 1893, akachukua karibu miaka 20 kufika Moshi. Shuleni nilimcheka. Mzunguko wa tano nikaanza kumwelewa, huenda naye alikuwa anatafuta pa kuegesha.

Mwisho shemeji akapata nafasi, tena nzuri, ya kivuli, mbele ya nyumba ya mtu asiyekuwepo. Kijana wa ushuru wa maegesho akachomoza kutoka ardhini na kimashine chake, akabonyeza namba za gari. Nikateremka, nikatazama huku na huku. Barabara zetu za Ngamiani zina fadhila moja, zina namba, hazimpotezi mtu. Nikahesabu tulizozipita kurudi nyuma. Mnajua? Pale tulipoegesha, kwenda kwangu kulikuwa karibu kuliko kwenda sokoni.

Tukakanyaga na jua la saa sita, kanzu imenigandia mgongoni. Nikanunua tasi wawili wanene na fungu la vibua, nikachagua nazi kwa kuzitikisa sikioni, tukarudi. Shemeji akafungua mlango, akasita. Akatazama kikapu.

"Shem. Hao samaki."

"Wamefanya nini?"

"Harufu ile ikiingia kwenye siti haitoki, shem. Gari nimelivisha vitambaa vipya."

"Buti?"

"Hata buti."

"Kwenye nailoni mbili?"

Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, kama daktari. Basi nikaita bodaboda. Nikamwelekeza nyumba, nikamlipa, nikamkabidhi kikapu, samaki wakaondoka na upepo wao. Samaki! Tumetoka na gari kwenda kuchukua samaki, samaki wakapanda bodaboda, sie tukarudi ndani ya ubaridi na nazi mbili mapajani. Na walitutangulia. Tulipokuwa bado uchochoroni tunaambiwa "kata, kata, nyoosha", samaki walikwisha parwa magamba, wameshatiwa ndimu, wamekaangwa, na kibua mmoja keshaliwa na mtu asiyejulikana. Mama watoto katokea mlangoni: "Mlikuwa wapi?"

Nikapiga hesabu ya mafuta, ushuru wa maegesho na nauli ya samaki. Nisiseme ilifika ngapi, mwenye gari ni mgeni wangu.

Usiku barazani, kahawa na kashata, shemeji akarudia hoja yake ya foleni na maendeleo. Tunaye mwalimu mstaafu pale, mtu wa redio. Akasema huko Marekani, mji wa Houston, kuna barabara kuu inaitwa Katy, ilikuwa inajaa, wakaipanua, mpaka ukihesabu na njia za pembeni kuna mahali inafika njia 26. "Na foleni ikarudi palepale," akamaliza, akanywa kahawa, akingoja haya imshike mtu. Shemeji macho yakang'aa. "Njia 26!" Sasa anataka kwenda kuiona.

Mwalimu akajaribu upande mwingine. Kuna kanchi Ulaya, Luxembourg, tangu 2020 basi na treni ni bure nchi nzima. Muuza kahawa, ambaye huwa hachangii, akaweka buli chini. "Bure? Na konda anakula wapi?" Baraza zima kimya. Mwalimu mwenyewe hakuwa na jibu.

Mie nikamuuliza shemeji: hiyo mwendokasi yenu ya huko Dar, tangu 2016 si ina njia yake katikati, wewe unaionaje? Akakiri kwamba huko Kimara akiwa kakwama kwenye foleni, viti vinne vitupu anavyo, basi hupita ubavuni pake limejaa watu, likaenda zake. "Na wewe hushuki ukapanda?"

"Shem," akanijibu kama anamfundisha mtoto, "wale wamesimama. Mimi nimekaa."

Msidhani lakini natetea daladala zetu. Vile vipanya? Kuna kimoja ukikaa siti ya nyuma magoti yanakusikiliza mapigo ya moyo. Kuna kingine mlango unashikwa na konda, konda anashikwa na kamba. Mwili wote uko nje, wanakwambia "sogea ndani, bado levo siti". Hayo tumezoea, tunacheka.

Lisilochekesha ni la wanafunzi. Binti yangu anasoma kidato cha pili, shule iko mbali kidogo. Jioni daladala ikikaribia kituo, konda akiona sare anapiga bodi, suka anakanyaga mafuta. Nauli ya mwanafunzi shilingi 200, nafasi ya mtu mzima kwa nini ampe mtoto? Akiwa na huruma sana anaita, "Mwanafunzi mmoja! Nimesema mmoja!" na wako kumi na tano, wanasukumana, wadogo wanabaki. Juzi kaingia nyumbani saa mbili usiku, viatu vyekundu kwa vumbi, mkoba kifuani, hasemi. Mama yake akampa maji, hakuyanywa mara moja, aliyashika tu. Kuna watu ofisini wanapanga magari mangapi yaende wapi. Nimekaa nikawaza, je, yuko hata mmoja kati yao ambaye mwanawe kasimama kituoni jioni ile? Na barabara ikitengenezwa, gari linapewa lami, bodaboda inachukua ukingo, mie na baiskeli yangu naachiwa mtaro. Mji mzima tambarare kama sinia, Mungu kaukunjua makusudi mtu apige pedeli, halafu wa pedeli ndiye anayepigiwa honi! Nimepigiwa honi nikiwa ndani ya mtaro. Ndani ya mtaro, jamani! Nilikuwa namzuia nani?

Basi, presha isinipande.

Nilikuwa nasema kuhusu kiroba. Leo asubuhi nimeamka nikakitafuta kweli nifunike ile baiskeli, baiskeli haipo. Nikapiga kelele za mwizi. Mama watoto akasema, "Kaka kaichukua, kaenda kununua vitumbua."

"Na gari?"

"Anasema kulitoa uani ni kazi."

Vitumbua vinauzwa nyumba ya nne. Karudi saa nne. Anakokota baiskeli kwa mkono, shati limelowa jasho, vitumbua vimepoa, na uso umemkunjuka sijapata kumwona vile tangu aje. Anajua nani kafiwa, nani kaposwa, nani kagombana na nani kuhusu mpaka wa kiwanja. Kanywa chai kwa fundi viatu. Mzee wa bakora kamwambia anisalimie, na kwamba amenisamehe. "Shem," ananiambia, "kumbe mtaa huu una watu!" Tairi la nyuma limelala chini kama chapati, kapita juu ya chupa.

Fundi wangu wa pancha yuko Barabara ya 9. Nikasema naikokota mwenyewe, si mbali. Shemeji akakataa katakata: kaharibu yeye, ataipeleka yeye, kwa gari. Mwanamke wa Kijapani nimeshamsikia akiamkia mara mbili. Watoto wa mtaa wamejaa uani, gurudumu la mbele limeingia kwenye buti, usukani umegoma, na kuna mmoja anapiga kelele, "Kata! Kata kulia!" Na vitambaa vya siti kavivua vyote, kavitundika kwenye kamba ya jirani.