Chema hakikujiuza: paneli ya mama na bili ya Mjerumani

Fundi aliyepachika paneli ya sola juu ya mabati ya mama kijijini ana jibu moja ukimuuliza kwa nini siku hizi kila boma lina sola: "Chema chajiuza." Namheshimu, kazi yake ni safi, lakini hapo simuungi mkono. Seli ya jua ya silikoni, kile kipande cha paneli kinachogeuza mwanga kuwa umeme, ilionyeshwa na maabara ya Bell Labs kule Marekani mwaka 1954. Kufikia 1958 tayari ilikuwa inazunguka angani kwenye setilaiti. Ingekuwa chema chajiuza, nyanya yangu hangekuwa bado anasoma Biblia kwa koroboi miaka ya tisini, pua nyeusi kwa moshi.

Kilichoishusha paneli kutoka angani hadi kwenye mabati yetu ni sheria, na kwa sehemu kubwa ni sheria ya watu wengine. Ilianza kutumika Ujerumani tarehe 1 Aprili 2000, ikisukumwa bungeni na wabunge kama Hermann Scheer na Hans-Josef Fell. Ilisema hivi: ukiweka paneli juu ya paa lako, kampuni ya umeme lazima inunue kila yuniti unayozalisha, kwa bei iliyopangwa, kwa miaka 20. Bei yenyewe ilikuwa pfennig 99 (senti za Ujerumani kabla ya euro), zaidi ya mara tatu ya bei ambayo mwenye nyumba alilipia yuniti ya kawaida. Mkulima aliweza kuingia benki na paa lake la zizi akatoka na mkopo, maana mapato ya miaka 20 yalikuwa yameandikwa kwenye sheria.

Ndani yake kulikuwa na ujanja ninaoupenda zaidi. Kuanzia 2002, kila mwaka wajiungaji wapya walipewa bei pungufu kwa asilimia 5 kuliko waliojiunga mwaka uliotangulia. Mwenye kiwanda cha paneli akaelewa kwamba asipopunguza gharama mwaka huu, mwakani hana mteja.

Nani alilipa? Pesa ziligawanywa kwenye bili za stima za Wajerumani. Mwaka 2017 tozo hiyo ilifika senti 6.88 za euro kwa yuniti, kwa hiyo nyumba inayotumia yuniti 3,500 kwa mwaka ilitoa karibu euro 240. Naambiwa tusiwashukuru sana kwa sababu hawakuwa wakituwazia sisi. Sawa. Hata anayechimba kisima kwa ajili ya ng'ombe wake, majirani huteka.

Waliowahi kuteka kuliko wote ni Wachina. Shi Zhengrong, aliyesomea seli za jua Australia, alianzisha Suntech mjini Wuxi mwaka 2001 kwa msaada wa serikali ya mji huo, na wateja wake wakubwa walikuwa Ulaya. Viwanda vikazaliana. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulipozifanya nchi za Ulaya zianze kubana mikono, Beijing ikaweka bei yake maalumu ya kununua umeme wa jua mwaka 2011, na viwanda vikapata soko la nyumbani. Q-Cells ya Ujerumani, iliyowahi kuwa kubwa kuliko zote duniani kwa kutengeneza seli, ilifilisika 2012. Kampuni kuu ya Suntech pale Wuxi ikafuata 2013. Vita hivyo havikuwa na huruma kwa yeyote, ila bei ya paneli iliporomoka.

Wapo Wajerumani wanaosema sera yao ilishindwa, maana viwanda viliwahama. Kama lengo lilikuwa viwanda, wana haki ya kununa. Mimi napima kwa taa iliyo sebuleni kwa mama.

Lakini bei ikishuka Wuxi haimaanishi imeshuka kijijini kwetu. Kati yake pana bandari ya Mombasa, na bandarini pana sisi wenyewe. Mwaka 2013 Kenya ilitoza vifaa vya sola kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Mwaka 2014 ikaiondoa. Julai 2020, watu wakiwa wamefungiwa na korona, ikairudisha kwa asilimia 14. Mwaka 2021 ikaiondoa tena. Wajerumani waliahidi miaka 20, sisi tuligeuza sheria mara nne kati ya 2013 na 2021. Kusema kweli kodi yenyewe hainikeri kama kule kuyumba. Mwenye duka anaweza kuzoea bei kubwa, lakini kontena lililo baharini ambalo halijui litakuta sheria gani bandarini, nani atakubali kulikopeshea?

Fundi wangu, huyu wa chema chajiuza, anasema Mswada wa Fedha, ule unaopendekeza kodi za kila mwaka, ukianza kutajwa redioni, simu yake haipumziki. Wateja wanauliza wanunue sasa au wangoje. Huwaambia wanunue sasa.